Mgonjwa yuko wapi?

Mama aliuliza swali moja tu: "Mgonjwa yuko wapi?"

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi hapa Uholanzi, saa tano kwetu Uganda. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa Waagplein mjini Alkmaar, simu nimeiinua juu ya vichwa vya watalii ili Mama aliyeko Mpondwe, mpakani na Kongo, naye aone. Wanaume wawili, nguo nyeupe pe, kofia za majani zenye utepe mwekundu, walipita mbiombio wamebeba kitu mfano wa machela kwa mikanda iliyotoka mabegani. Juu yake jibini nane za mviringo, njano kama maboga. Mama hakuona jibini. Aliona kipoyi, machela yetu ya mgonjwa. Kwetu ukiona wanaume wanateremka mlimani kwa mwendo ule, unatoka njiani na kunyamaza, maana kuna mtu anawahishwa hospitali ya Bwera.

"Mama, ile ni jibini."

"Jibini haina miguu, sawa. Lakini hawana hata baiskeli?"

Hawana baiskeli, Uholanzi! Nilicheka mpaka jirani yangu akanigeukia. Huyu mzee wa ghorofa ya chini ndiye aliyenileta. Aliposikia kwamba miaka tisa yote nimeijua nchi yake kupitia zamu za usiku na vituo vya treni, alisikitika kama mtu aliyeambiwa mgeni wake amelala njaa, akakata tiketi mbili.

Nami nakiri, niliyoyaona yalinipendeza. Chama cha wabebaji hawa kipo tangu mwaka 1593. Wamegawanyika makundi manne, kila kundi na rangi yake, na mkubwa wao huitwa baba wa jibini. Jibini moja ina kilo kumi na tatu na zaidi. Ukijumlisha nane na mbao zake, watu wawili wanabeba kilo kama 130. Siri iko kwenye hatua. Hawatembei sawa kama askari, maana wakifanya hivyo mzigo utaning'inia na kuyumba. Mmoja anatanguliza mguu huu, mwenzake ule, magoti yamelegea. Wazee wa kwetu Bukonzo wangewaelewa bila mkalimani.

Kisha ikaja bei. Muuzaji na mnunuzi wanapigana makofi, kiganja kwa kiganja, kila kofi na bei yake, mpaka kofi la mwisho ndilo mapatano. Nikasema moyoni, hapa sasa ndipo nyumbani. Mzee akaninong'oneza kwa fahari: "Siku hizi ni maonyesho tu. Jibini yenyewe ilishauzwa na kiwanda."

Nililipokea jambo hilo vibaya kuliko nilivyotarajia. Mamia ya watu wametoka Japani na Marekani, wamebana pumzi, wanapiga picha mapatano ya bei ambayo hayapo. Na wakati huohuo, kwenye simu mkononi mwangu, Ijumaa ya Mpondwe ilikuwa inachemka bila mtalii hata mmoja.

Mama huuza chumvi ya Katwe. Huimwaga kwenye turubai, rundo la kijivu lenye wekundu kidogo ndani, na kopo la maziwa ya unga ndilo mizani yake. Mteja wa kutoka Butembo, upande wa Kongo, akifika haulizi bei. Anachota punje, anaweka ulimini, anatema kando, anasema ina udongo. Mama anamuuliza kama siku hizi Butembo wamepata ziwa lao la chumvi. Hapo ndipo biashara imeanza. Mteja anataja bei ya matusi. Mama anamhudumia mwingine. Mteja anaondoka hatua tatu, za polepole, maana akienda ya nne itabidi aondoke kweli. Anaitwa. Kopo likishajazwa mpaka linamwagika, yule bwana bado kashika mfuko wazi, anasubiri matabishi, nyongeza ya bure. Bila matabishi hakuna aliyenunua kitu. Mama anasonya, anatupia konzi moja, halafu anamuuliza habari za mke wake, kwa jina. Haya yote Jumanne na Ijumaa, bila kofia wala utepe.

Ila sisi hatuyaiti utamaduni. Tunayaita magendo.

Nusu gunia ikivuka kijito cha Lhubiriha kichwani mwa mwanamke, ghafla ni kesi. Anakimbizwa, anamwagiwa mzigo, anatozwa kitu kisicho na risiti. Pale Alkmaar mbebaji akipita, mlinzi anawasogeza watu. Mpondwe mbebaji akipita, mlinzi anamsogeza yeye. Sisemi kodi isilipwe. Nasema kwamba yule mwanamke anaenda kumuuzia shemeji yake.

Na hapa naomba msomaji anivumilie, maana nimeanza na jibini lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu nitafute pasipoti. Mimi ni Masika. Kwa watu wa pwani hiyo ni mvua, kwetu ni mtoto wa kwanza wa kike. Ukiita "Masika!" katikati ya soko la Mpondwe, wanageuka kumi, wengine Bakonzo wa upande huu, wengine Banande wa upande ule, na huwezi kuwatenganisha kwa sura wala kwa lugha. Kwenye ofisi moja jijini, ambayo sitaitaja, niliambiwa hilo ni jina la Kongo. Nikajitetea kwa Kiswahili, nikawa nimejimaliza, maana jijini Kiswahili bado kina sifa ya mwizi au mwanajeshi. Wakaniuliza kaburi la babu liko wapi. Liko Bwera, nikasema, chini ya mibuni, twendeni mkalione. Waingereza na Wabelgiji waliafikiana mpaka huo mwaka 1910, na hakuna aliyemuuliza babu wa babu yangu angependa mihogo yake ibaki nchi gani. Huku Uholanzi, kwenye kila fomu, wananiuliza tu nitaje herufi moja moja.

Mzee alidhani nimenyamaza kwa njaa. Akanipeleka kwenye kibanda cha samaki, tukala haring: samaki mbichi, aliyetiwa chumvi kidogo, na vitunguu vilivyokatwakatwa juu. Unamshika mkia, unaangalia mbinguni, unamteremsha. Mtelezo wake si mbaya, namna ya parachichi lililofika baharini. Nilipomsimulia Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, "Wamekosa kuni?" Alikuwa amepika sato wa Ziwa Edward, na sombe, na bundu la muhogo. Baada ya samaki, kahawa. Biskuti moja kila mtu, kisha kopo likafunikwa. Mezani kwetu kopo la namna hiyo lingezua kikao cha ukoo.

Choo cha stesheni nacho kilikuwa senti sabini. Nawaza: reli ilifika Kasese mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe, mimi nimekuta majani katikati ya mataruma. Waholanzi wangeipaka rangi stesheni ile ya Kasese, wangemvalisha mtu kofia ya mkuu wa stesheni, na wangetutoza tukaingie chooni. Angalau paa lingebaki.

Kwenye treni ya kurudi mzee alitoa kwenye pochi msalaba mdogo wa chuma, akaniwekea kiganjani. Ni zawadi ya wanaomaliza Elfstedentocht, safari ya kuteleza kwa viatu vya chuma juu ya mifereji iliyoganda, kilomita kama 200, kupitia miji 11 ya Friesland, kwa siku moja. Yeye aliteleza tarehe 4 Januari 1997. Aliondoka gizani, akarudi gizani, ndevu zimeganda. Tangu siku hiyo haijafanyika tena. Inatakiwa barafu ya sentimita 15 njia nzima, na barafu hiyo haijaja. Kila baridi ikianza, nchi nzima huchungulia mifereji kama mkulima anayechungulia mawingu.

Hapo sikuwa na kejeli. Nilimweleza kwamba na sisi tuna barafu, karibu kabisa na mstari wa ikweta, akafikiri namtania. Nikamwonyesha kilele cha Margherita kwenye simu, mita 5,109, picha niliyoipiga kutoka Kasese asubuhi moja kabla mawingu hayajaifunika. Wazee wetu huiita barafu hiyo Nzururu, theluji, naye ndiye baba yake Kitasamba, roho ya mlima. Nilimwambia pia kwamba barafu aliyoipima Duki wa Abruzzi mwaka 1906, yule aliyekipa kilele jina la malkia wa Italia, leo imebaki vipande vipande. Mzee hakusema pole. Alichukua simu yangu, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaikagua ile barafu sentimita kwa sentimita, kama anayetafuta pa kuweka mguu.

Ameamua Desemba tutakwenda wote. Anataka mlima, nami nimemwambia mlima baadaye, kwanza Mpondwe, siku ya Ijumaa. Na wewe unayesoma, ukiwa njia ya Kasese siku ya soko, fika. Hakuna tiketi. Muulizie mama Masika, wataonyesha wengi, lakini wa kwangu ndiye mwenye turubai la bluu. Nenda na mfuko wako, na usiondoke bila matabishi.