Jiko la nje lilivyomtoa mama kwenye moshi

Katika nyumba nyingi za Tarime ninazozijua, jiko ni kijumba cha pembeni: kuta za udongo, bati lililojaa masizi, mlango mmoja na dirisha lisilozidi ukubwa wa beseni. Mgeni akija hukaribishwa upande wa pili, chini ya mti au kwenye baraza la nyumba kubwa. Anasikia harufu ya nyama, lakini anayepika hamwoni mpaka wakati wa kunawishwa mikono, naye huja na macho mekundu.

Mama yangu amepika hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Mimi na wadogo zangu tulikulia mgongoni kwake, mbele ya mafiga matatu.

Kazi yangu ni kuandika habari za afya, na takwimu za moshi wa jikoni nimeziandika mara nyingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani, ambao unatokana hasa na kupikia kuni, mkaa na mafuta ya taa, ulisababisha vifo milioni 3.2, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kwa mtoto mdogo, moshi huo unakaribia kuongeza maradufu hatari ya kupata maambukizi ya mapafu kama nimonia. Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Lakini ugali wa ulezi wa watu kumi na wawili hausongwi kirahisi kwenye jiko dogo la gesi, na mtungi ukiisha katikati ya mwezi, kuni zipo palepale shambani.

Mwaka jana mtoto wangu wa miaka mitatu alikohoa wiki mbili tukiwa likizo kwa bibi yake. Mimi na wadogo zangu tukachanga fedha. Tulitaka kumjengea mama jiko la nje, lililo wazi, na hapohapo pawe mahali pa kukaa na wageni.

Mama alikataa. Alisema jiko lisilo na ukuta linaonyesha majirani siku mliyokula mboga za majani na siku mliyolala na uji. La pili lilikuwa zito zaidi: kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali, sasa atasongaje ugali mkwe akimtazama?

Kazi hunipeleka mara kwa mara Mugumu, wilayani Serengeti, kupitia Nyamongo. Huko niliona jiko la mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambalo lilinipa jibu. Lilikuwa na paa tu, sakafu ya zege na ukuta mmoja, nao ulifika kifuani, ukizuia upepo na macho ya barabarani. Aliyeketi aliona uso wa mpishi, lakini sufuria hakuiona. Nilimpigia picha mama. Aliitazama kimya, kisha akauliza maji yanatoka wapi. Nikajua tumeshaelewana.

Kabla ya fundi kuja, kwa siku kadhaa tuliwasha moto wa majani mahali tulipopachagua, asubuhi na jioni, tuone moshi unaelekea wapi. Hatua hii haina gharama na watu wengi huiruka. Mabenchi yaliwekwa upande ambao moshi hauendi.

Eneo ni mita tano kwa nne. Lilikula mifuko 14 ya saruji na bati 16. Kila kitu tulikichagua kwa swali moja: nani atakitunza sisi tukirudi mjini? Nguzo za miti tulizikataa kwa sababu ya mchwa, tukaweka mabomba ya chuma yaliyopakwa rangi ya kuzuia kutu na kusimikwa kwenye zege. Mabenchi ni ya mawe, kwa kuwa mawe Tarime hayatafutwi mbali, na hayana mito ya kulowa. Sakafu ina mwinamo kidogo ili maji ya mvua yasituame. Niru tuliikataa kwa kuwa ikilowa inateleza. Fundi aliikwaruza zege kwa fagio gumu kabla haijakauka. Maji ya bati yanaingia kwenye tanki, na ya kunawa yanatoka kwenye kibuyu chirizi, kile cha kukanyaga kijiti kwa mguu. Kichanja cha kuanikia vyombo kiko upande wa jua. Kazi ya kila siku ni kufagia na kuzoa majivu, basi.

Jiko lenyewe ni la matofali ya kuchoma, limeinuliwa hadi kiunoni, lina matundu mawili ya sufuria na dohani. Mama hainami tena, na mjukuu hafikii moto. Hilo la mwisho lilinisumbua kuliko moshi. Nimekaa na wazazi wengi wodini wakiuguza watoto walioanguka kwenye mafiga au kumwagikiwa uji. Ikitokea, mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, unga wala mafuta.

Wiki ya kwanza dohani ilikuwa fupi, haikuvuka paa. Moshi ulipanda, ukagonga bati, ukarudi chini mpaka kwenye benchi la baba. Alivumilia jioni moja tu. Alipangusa macho, akamwita fundi kwa simu: "Mura, bomba lako linaniliza." Asubuhi fundi alikuwa juu ya paa, akaongeza karibu mita moja ya matofali.

Mama alikuwa akipepeta ulezi. Alisema bila kuinua kichwa: "Mimi nimelia miaka thelathini, hakuna aliyeita fundi. Wewe umelia jioni moja."

Baba hakujibu, lakini tangu siku hiyo kuni mbichi hazipikiwi nyumbani. Yeye mwenyewe huzipasua na kuzipanga chini ya benchi zikauke. Kabla ya hapo sikumbuki kumwona akiuliza kama kuni zimekauka.

Nisiwadanganye kwamba jiko la wazi linamaliza tatizo. Anayeinama juu ya moto anavuta moshi hata akiwa uwanjani, kwa hiyo gesi tuliiweka kwa chai na kupasha chakula cha watoto, na mtoto habebwi mgongoni mtu akipika kwa kuni. Kwa walio vijiji vya mpakani mwa hifadhi, kama Robanda, kuna jambo la ziada: unga na mabaki ya chakula yasilale jikoni, maana nyani na tembo hawapigi hodi.

Kikohozi cha mama hakijaisha. Alipimwa kifua kikuu, hana, na ameambiwa aendelee na kliniki na akae mbali na moshi. Yule mkwe alikuja Pasaka. Alikaa benchi la mwisho kabisa, ameupa ukuta mgongo, nao wakasalimiana bila kutazamana kama ilivyo ada.

Desemba tunategemea wageni wengi. Mama anataka ukuta uongezwe matofali mawili, na baba anataka benchi lake lisogezwe karibu na jiko. Fundi anasubiri waelewane.