Ndia Kuu ya Mombasa: Vitu vya Kale na Vyakula vya Mjini

Mtu aliyekwenda Mombasa akarudi kwao bila kupita Ndia Kuu ameona bandari na pwani, lakini mji wenyewe bado hajauona. Njia hiyo ya Mji wa Kale huanzia jirani na Ngome ya Yesu na kwenda upande wa kaskazini, sambamba na bahari. Jina lake ni la Kimvita, maana Wamvita husema ndia pale ambapo wengine husema njia. Na ingawa huitwa kuu, motokaa mbili zikikutana humo hupishana kwa taabu. Kwa hiyo afadhali mgeni aende kwa miguu.

Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, na Waarabu wa Omani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa muda wa karibu miaka mitatu. Lakini nyumba nyingi zionekanazo leo si za zama hizo. Ni za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, wakati reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na biashara ikafurika. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko, na mbele yake zimetokeza roshani za mbao zilizochongwa kwa ufundi uliotoka Bara Hindi. Baadaye meli kubwa zilihamia Kilindini, shughuli za bandari ya kale zikapungua, na vyumba vingi vya chini vikashikwa na wauza vitu vya kale.

Katika maduka hayo mna masanduku ya mbao yaliyopigwa misumari ya shaba, ya namna ile iliyokuwa ikiletwa na majahazi kwa upepo wa kaskazi kutoka Ghuba na Bara Hindi. Mna madele ya kahawa, sinia, kandili, sahani za Kichina, na viti vya enzi. Mnunuzi hana budi kufungua macho, kwani si kila kilichopakwa rangi nyeusi ni cha kale. Sanduku lililotumika kweli huchakaa pale mikono iliposhika na pale liliposimama chini. Likiwa limechakaa sawasawa pande zote, hata nyuma ambako hapana aliyeligusa, yafaa aulize mara ya pili. Fundi wa leo akichonga sanduku jipya na kuliuza kwa jina la jipya, hiyo ni kazi ya heshima, tena humfaa mnunuzi kuliko hadithi ndefu ya babu wa muuzaji.

Jambo zito zaidi ni milango. Mlango wa Kiswahili una mbao mbili, na katikati husimama mfaa ulionakshiwa kutoka juu hata chini; kizingiti cha juu nacho hujazwa maua na minyororo. Mwenye nyumba alimjulisha mpita njia hali yake kwa mlango kabla hajafungua kinywa. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 imeutaja mlango, pamoja na fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946, kuwa kitu chenye ulinzi. Tena kitu cha kale kilichotengenezwa Kenya au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 hakiruhusiwi kutoka nje bila kibali, na mwenye kufanya biashara ya vitu hivyo sharti awe na leseni.

Sheria ni njema, lakini haizibi paa linalovuja. Nyumba moja huweza kuwa na warithi wengi, hapana hata mmoja awezaye kuitengeneza peke yake, kisha akatokea tajiri na fedha taslimu mkononi. Mlango ukiisha kung'olewa, mahali pake hutiwa wa chuma, na jicho la mgeni hupita hapo bila kusimama. Basi mnunuzi aonyeshwapo mlango wa kale na aulize umetoka nyumba gani, na karatasi zake ziko wapi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa upande wa chakula hakuna haja ya leseni wala mashaka. Asubuhi ni mahamri na mbaazi zilizopikwa kwa tui la nazi. Alasiri, jua likipungua, hutoka viazi vya karai, ambavyo huchemshwa, huchovywa katika unga uliotiwa manjano na kukaangwa, kisha huliwa kwa ukwaju na pilipili. Pana mishikaki juu ya makaa, muhogo wa kukaanga wenye ndimu, na kachiri za kuchukua safarini. Katika mwezi wa Ramadhani mgeni asile njiani mchana. Angoje magharibi, ndipo aone kaimati, sambusa na vitumbua vilivyopangwa barazani.

Baada ya Isha huja muuza kahawa, akigonganisha vikombe vyake vidogo ili asikiwe. Dele lake la shaba ni ndugu wa yale yaliyowekwa dirishani mwa maduka kwa bei kubwa, ila lake lina moto chini yake. Wazee waliokaa barazani humsogezea nafasi, na mgeni akiwaamkia kwa adabu, naye hukaribishwa kukaa.