Nyota Mbili Zilizosahauliwa Katika Daftari

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni karani wa Serikali, na methali hiyo nimeitaja mara nyingi mbele ya wakulima waliokuja ofisini kwetu bila risiti ya mbegu au bila cheti cha shamba. Sikupata kufikiri kwamba heshima ya mtu nayo ni mali, na kwamba nayo hupotea kwa njia ile ile, mpaka siku nilipofungua sanduku la marehemu babu yangu.

Babu yangu alikuwa askari katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Alikuwa mmoja wa Waafrika zaidi ya 90,000 wa Kenya walioingia jeshini wakati ule. Aliondoka kwetu Ukambani mwaka 1940 akiwa kijana asiye na ndevu, akarudi mwaka 1946, akaoa, akachimba matuta katika shamba lake, akasomesha watoto, na mwaka 2002 akafariki. Nilikuwa mtoto wakati huo, lakini jambo moja nalikumbuka sana. Siku za sherehe, wazee waliokuwa Keya, yaani katika jeshi la K.A.R., walivaa medali zao wakaketi mbele. Babu aliketi nyuma pamoja na wanawake na watoto, kofia yake juu ya goti, na kifuani hana kitu.

Baadaye niliambiwa sababu. Alikuwa na medali mbili, lakini alikataa kuzivaa. Siku moja miaka mingi nyuma, alipokuwa akisimulia habari za Burma, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bama na ambayo siku hizi huitwa Myanmar, mzee mwenziwe alimkatiza mbele ya watu akamwambia, "Wewe Bama uliisikia tu. Kitabu chako hakisemi." Babu hakujibu. Alikwenda nyumbani, akaziweka medali zake sandukuni, wala hakuzitoa tena. Wala habari za Burma hakuzisimulia tena.

Mwaka 2019 nilikwenda kumwamkia nyanya yangu, naye amekwisha kupita miaka themanini na ushei. Tulipokwisha kunywa chai aliniambia, "Mjukuu wangu, kutwa kucha unaandika habari za watu wengine. Ya babu yako nani ataiandika?" Kisha akanipa ufunguo.

Ndani ya sanduku mlikuwa na medali mbili zilizofungwa katika kitambaa, kitabu cha kuachishwa jeshi, na picha moja. Kitabu kilisema kwamba aliandikwa mwaka 1940, akatumika Kenya, Somalia na Habeshi, akalazwa hospitali mwaka 1941. Mahali pa medali paliandikwa Nyota ya Afrika na Medali ya Vita. Kisha, baada ya mwaka 1942, hapana neno hata moja mpaka siku aliyoachishwa mwaka 1946.

Nilikitazama kitabu kile kwa macho ya karani. Mtu hawezi kuwa jeshini miaka minne bila kuwa mahali fulani. Alikula chakula cha nani? Alilipwa mshahara na nani? Nafasi tupu kama ile haionyeshi kwamba mtu hakwenda popote. Inaonyesha kwamba karani hakuandika.

Nikaitazama picha. Babu alisimama pembeni mwa lori, na juu ya mkono wa shati yake palikuwa na alama ya kichwa cha kifaru. Nyuma ya picha paliandikwa kwa kalamu ya risasi, "Ceylon 1943." Ceylon ndiyo Sri Lanka ya leo, na kichwa cha kifaru kilikuwa alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon, na tangu mwezi wa Agosti 1944 ikawafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, katika mvua kubwa, matope na malaria, mpaka ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Hapo ndipo lilipojengwa juu ya mto Chindwin daraja la vyuma lenye urefu wa zaidi ya mita 300.

Ndugu msomaji, pengine utauliza, nyota hizi zilitolewa kwa kipimo gani? Masharti yake yalikuwa wazi. Nyota ya Afrika ilimhusu askari aliyeingia kazini katika vita vya Afrika ya Kaskazini, au Habeshi, Somalia na Eritrea. Na kwa Habeshi, siku ya mwisho ya kuhesabiwa ilikuwa tarehe 27 Novemba 1941, siku Gondar ilipoanguka. Nyota ya Burma ilimhusu aliyetumika katika vita vya Burma kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945. Nyota ya 1939–45 ilitaka, kwa askari wa nchi kavu, muda wa miezi sita katika sehemu za mapigano. Medali ya Vita ilitaka siku 28 tu za utumishi. Basi, kama babu alifika Burma, alinyimwa nyota mbili: ile ya Burma yenyewe, na ile ya 1939–45, maana miezi yake ya Habeshi kabla ya kuugua haikutimia sita, lakini ikijumlishwa na ya Burma ilizidi.

Sasa niungame kosa langu. Barua ya kwanza niliyoandika kwa ofisi ya kumbukumbu niliiandika kwa hasira. Nilisema Waafrika wamedharauliwa, nikataja damu na jasho, kisha nikaongeza kwamba babu alipewa pia Military Medal kwa ushujaa, ikaibiwa njiani. Habari hiyo niliisikia kwa baba zangu wadogo, nao huisimulia kila Krismasi. Jibu lilikuwa na mistari mitatu. Walitaka namba, kikosi, tarehe na ushahidi.

Nilifedheheka, kwa kuwa hayo ndiyo maneno niwaambiayo watu kila siku kutoka upande wa pili wa meza. Nikaanza upya. Nishani za ushujaa kama Military Medal zilitangazwa katika London Gazette, na magazeti hayo ya zamani husomeka bure kwa intaneti. Niliyasoma jioni nyingi. Niliona humo habari za Sajini Nigel Leakey wa K.A.R., aliyeuawa Colito katika Habeshi tarehe 19 Mei 1941 akipigana na vifaru vya adui. Victoria Cross yake haikutangazwa mpaka Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kufa kwake. Nikafahamu kwamba hata heshima kubwa kuliko zote ilichelewa. Lakini jina la babu halikuwamo.

Nilirudi kwa nyanya nikamwambia kwa unyonge. Hakustuka hata kidogo. "Yeye mwenyewe hakusema ana medali ya ushujaa," alisema. "Ninyi ndio mliosema. Yeye alisema alikuwa dereva."

Neno hilo la dereva ndilo lililofungua mlango. Katika barua ya pili nilifuta habari za ushujaa, nikaeleza kwamba huenda babu alihamishwa baada ya kutoka hospitali, akaingia East African Army Service Corps, yaani kikosi cha uchukuzi. Wakati huo mwana wa shangazi yangu akaaye Uingereza alikwenda Kew, mahali zinapotunzwa nyaraka za taifa lile, akatazama madaftari ya vita ya vikosi. Madaftari hayo yamegawanywa: vikosi vilipokuwa chini ya majeshi ya Mashariki ya Kati, habari zake zimo katika fungu la WO 169, vilipokwenda Burma, zimo katika fungu la WO 172. Madaftari ya namna hiyo hayaorodheshi kila askari, lakini huonyesha kikosi kilikuwa wapi na siku gani. Alipata kampuni moja ya magari iliyofuata Divisheni ya 11 mpaka Chindwin.

Ikabaki kuthibitisha kwamba babu alikuwa mmoja wao. Baada ya miezi mingi na barua nyingine tatu, afisa mmoja aliniandikia kwamba lipo faili la dereva mwenye jina linalofanana na la babu, ila jina la baba yake limeandikwa kwa herufi nyingine na namba ni tofauti. Aliuliza kama kuna alama yoyote ya mwili itakayomtambulisha mtu huyo. Nilimwuliza nyanya bila kumwambia lililo ndani ya faili. Akacheka akasema, "Kovu la mguu wa kushoto, chini ya goti. Alijikata kwa panga akichunga mbuzi. Nililiona miaka hamsini na tano." Tulikwenda kwa wakili, nyanya akala kiapo, akatia dole gumba. Hati ile nikaituma pamoja na nakala ya picha na ya kitabu.

Lile kovu lilikuwa limeandikwa katika mafaili yote mawili. Kijiji kilikuwa kile kile, na jina la mama yake lilikuwa lile lile. Mtu mmoja alikuwa amegawanyika kuwa wawili kwa sababu karani mmoja aliandika jina kama alivyolisikia, na karani wa pili akaliandika kama alivyolisikia yeye. Nusu ya kwanza ilikwenda Habeshi ikapata Nyota ya Afrika. Nusu ya pili ilikwenda Burma, nayo haikupata kitu.

Jibu la mwisho lilitufikia mwaka 2022. Mafaili yameunganishwa, na kumbukumbu imesahihishwa kuonyesha Nyota ya 1939–45 na Nyota ya Burma. Nyota zenyewe za shaba hazijatufikia, na sijui kama nyanya atazishika mkononi. Lakini karatasi tunayo. Nilimsomea mbele ya jamaa wote, na yule mzee aliyemwaibisha babu amekwisha kufa, ila mwanawe alikuwapo, naye alivua kofia. Nyanya hakuuliza habari za nyota. Aliniomba nisome tena majina ya mahali: Ceylon, Kabaw, Kalewa, Chindwin. Kisha akasema, "Basi hakusema uwongo." Nikaelewa ya kuwa hilo ndilo alilolitaka miaka yote.

Wako wengi ambao hawatapata hata karatasi. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba katika waliokufa katika vita vikuu vya kwanza, watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wapagazi. Nani leo atakula kiapo juu ya kovu la mguu wa mpagazi aliyekufa mwaka 1917?

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wenzangu, hasa wenye wazee nyumbani au masanduku ya wazee. Lifungueni sanduku wakati yupo bado mtu wa kueleza yaliyomo. Nakilini namba ya askari kama ilivyo, hata kama inaonekana imekosewa. Andikeni kila namna jina lilivyoandikwa, wala msichague iliyo nzuri. Waulizeni akina nyanya, maana wanawake walibaki nyumbani lakini wanajua mengi kuliko faili. Tena msiongeze neno. Ile medali ya ushujaa niliyoitaja bila ushahidi ilikaribia kuzizamisha nyota mbili zilizokuwa haki yake, maana anayedai asichostahili hutiliwa shaka hata katika kile anachostahili.

Kwa makarani wenzangu nina neno moja tu. Jumatatu baada ya kumsomea nyanya ile karatasi, nilifika ofisini mapema nikachukua fomu zilizokuwa zikiningoja mezani. Katika fomu kumi na nne, sita zilikuwa na nafasi ambazo mimi mwenyewe nilipitisha mstari kwa kuwa mwenye fomu alisitasita na watu walikuwa wengi mlangoni. Moja ilikuwa ya mjane mmoja, na jina la mumewe nililiandika kama nilivyolisikia. Nilimwita tena, nikamwomba anitamkie polepole, herufi kwa herufi. Nilikuwa nimelikosea.