Ndugu Yake Mdalasini

Jumapili, 2 Februari. Usiku
Saa sita na bati bado linateremsha joto la mchana. Feni inazunguka, inasukuma hewa ileile ya moto kutoka ukutani hadi kitandani. Mama amekaa ukingoni, leso mkononi, anajifuta paji la uso kila mara jasho lisifike jichoni. Siku ya tatu tangu aondolewe mtoto wa jicho. Daktari alikazia: maji yasiingie, jasho lisiingie, asiiname. Maji nitayazuia. Jasho la Februari nalizuiaje?
Anasema kwao Amani saa hizi angekuwa amejifunika khanga mbili. Hakulalamika. Amesema tu. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumanne, 4 Februari
Tumetoka kliniki saa saba, jua la utosi. Kugombania daladala naye sikuweza. Nikamshika mkono, tukaingia Bustani ya Mimea. Miaka tisa napita Samora kwenda kazini, sijawahi kukanyaga ndani!
Joto likabaki barabarani. Miti mirefu, tausi analia mahali, chini udongo wenye unyevu. Wajerumani waliianzisha 1893. Sasa majengo yameibana, kimebaki kipande. Kipande hicho ndicho kimempa mama usingizi. Lakini kwanza alipapasa magome, mti hadi mti, kwa kiganja, maana jicho moja bado bichi na jingine ukungu mtupu. Babu alikuwa kibarua wa bustani ya Amani, nayo ya Wajerumani hao hao, ya 1902. Mama kakulia kwenye vitalu vya miche. Akaokota jani, akalisugua, akalinusa.
"Mdalasini?" nikamuuliza.
"Siyo. Ndugu yake."
Akaegemea benchi, akalala saa nzima. Nilikaa nikimwangalia anavyopumua. Jani nimelibana humu daftarini.

Alhamisi, 6 Februari
Jicho jekundu. Nimeogopa hadi mkono ukatetemeka nikimtia dawa. Nimepiga simu, hawapokei. Jioni wekundu ukapungua. Alhamdulillahi. Chakula hakinipiti.

Jumapili, 9 Februari
Coco Beach. Sitajisamehe upesi. Nilifikiria maji tu, nikasahau kaskazi. Inavuma, inabeba mchanga mkavu, na ufukwe mrefu wote ule vivuli vya kuhesabu. Nimemfunika uso kwa mtandio, tukapanda bajaji kabla hata mihogo haijatoka kwenye mafuta. Njiani hakusema neno. Mama aliyenibeba mgongoni na surua yangu, mimi nampeleka na jicho bichi kwenye mchanga.
Jicho zima. Nimeliangalia mara tano.

Jumatano, 12 Februari
Nimeomba ruhusa, nimetoka mapema. Magogoni, pantoni, hadi Kigamboni. Watu, baiskeli, magunia, kuku wa mtu. Tukasimama pembeni penye upepo. Mlango wa bandari ni mwembamba, maji yalikuwa yanajaa, na upepo wa bahari unapita hapo bila kizuizi, safi, hauna mchanga.
Mama hajapata kupanda chombo cha majini maisha yake yote. Akashika chuma kwa mikono miwili. Halafu mmoja. Halafu akaachia, akaitanua mikono kidogo, upepo umwingie kwapani.
"Tumefika?"
"Tumefika, mama."
"Mbona mapema?"
Ng'ambo tukapata kivuli cha mkungu mkubwa, madafu mawili, tukageuka. Mia mbili kwenda, mia mbili kurudi. Usiku huu amelala saa tatu. Saa tatu! Feni ileile, bati lilelile.

Jumamosi, 22 Februari
Pugu. Daladala hadi Gongo la Mboto, kisha gari jingine kupanda. Msitu wenyewe, Pugu na Kazimzumbwi. Tukalipa getini, tukaingia, na ndani ya hatua chache hewa ikawa nyingine. Mama alitangulia! Wiki tatu namwongoza kwa mkono, leo yeye mbele.
Akavua miwani. Sikumkataza, chini ya miti ile jua halifiki. Akasimama kimya.
"Kijani kilikuwa kikali hivi siku zote?"
Akawa anaziba jicho hili, anafungua, anaziba lile. La kushoto, ambalo bado, linaona kila kitu rangi ya chai, anasema. La kulia linaona majani. Moja moja.
Tukakuta kijito chembamba, maji maangavu, mchanga wa chini unauona. Nikamwambia ni huku vilimani Msimbazi unakoanzia.
"Msimbazi upi?"
"Ule wa nyuma ya kwangu."
Hakuamini. Ule mweusi, wenye mifuko na harufu, ambao masika hutuingilia vyumbani. Akataka kuinama auguse. Nikamzuia, nikachota mwenyewe kwa kiganja, nikamlowesha miguu. Tena na tena. Akasema baridi yake ni ya nyumbani.
Nimerudi na hasira njia nzima. Safari ya magari mawili tu, na mto ukifika kwetu tumeshauua.

Alhamisi, 27 Februari
Kesho basi la Muheza, saa kumi na mbili asubuhi, pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwezi unakaribia kuandama, anataka kufunga kwake. Nilijipanga kumwomba abaki hadi jicho la pili. Maneno nilikuwa nayo tayari tangu Jumapili. Sikuyasema.
Yeye ndiye aliyeomba. Pantoni. Tumekwenda, tumerudi, tumekwenda tena. Safari hii miwani mkononi, ananitajia anavyoviona: meli nyekundu, mtoto mwenye kofia, minazi ya ng'ambo, mawimbi. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa muda mrefu.
"Mwanangu, umekonda."

Jumatatu, 3 Machi
Kafika salama, jicho safi, kaanza kufunga. Anasema kwao manyunyu.
Baada ya kazi sikwenda kituoni moja kwa moja. Bustanini, benchi lile. Joto la leo lilikuwa baya, na pale chini ya miti nikapumua. Nimetoa jani. Limekauka lakini harufu bado ipo, kidogo. Nimesugua majani ya miti minne iliyo karibu. Siyo. Siyo. Siyo. Siyo.
Adhana imekaribia, nimekimbilia gari. Kesho nitaanzia upande wa tausi.