Nani Kasema Mbili Haifungi?

Katika lasti kadi, ukitupa mbili, anayekufuata anaokota karata mbili. Hilo halina ubishi. Ubishi huanza baada ya hapo. Je, naye akiwa na mbili, anaweza kuitupa juu ya yako ili wa tatu aokote nne? Ree, ile yenye herufi A, inazuia adhabu au inabadilisha tu aina ya karata? Na aliyebakiwa na mbili peke yake, anaruhusiwa kufunga nayo mchezo?

Karata yenyewe haijibu. Mbili ya kopa imechorwa mioyo miwili, basi. Kazi yake tumeipa sisi.

Si michezo yote iko hivyo. Kopa, shupaza, uru na pau ni majina yaliyotokana na Kireno, na katika michezo ya zamani ya kuhesabu alama, malkia huitwa mzungu wa pili, ghulamu mzungu wa tatu na mfalme mzungu wa nne. Ndizo alama zao: 2, 3 na 4. Saba ina 10, ree 11. Jumla ni 120, na mwenye 61 ameshinda. Ukijua jina, umejua nguvu.

Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield alitoa Magic: The Gathering, mchezo ambao uwezo wa kila karata umeandikwa juu yake. Maandishi ya karata yakigongana na kanuni ya jumla, karata ndiyo hushinda. Hata hivyo maswali hayakuisha: kanuni zake leo zinazidi kurasa 200, na mashindano yana waamuzi.

Sisi hatuna maandishi wala mwamuzi. Tuna kijiwe. Na Babati ni mji wa njia panda: barabara za Arusha, Singida na Kondoa zinakutana hapa, na kila anayeshuka anakuja na lasti kadi ya kwao. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, mchezo wa jamaa hii huitwa kadi, na huko nane na malkia ni maswali ambayo lazima yapate jibu.

Jioni moja karibu na stendi, kijana wa bodaboda aliyehamia kutoka Kondoa alitangaza "lasti kadi". Zamu ilipomrudia, akatupa mbili ya uru juu ya sita ya uru, akasimama. Wakamwambia akae.

"Hapa hatufungi na karata yenye kazi."

"Nani kasema?"

Wakacheka. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapa ndivyo tunavyocheza." Kijana akairudisha mbili yake mkononi, akashindwa, akanunua soda za watu wanne. Hela ile ilikuwa ya safari zake za mchana.

Nasoma shahada ya uzamili ya sheria, na swali lake limenikaa. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6)(c), inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho alipokitenda hakikuwa kosa kisheria. Kanuni ya kijiwe kile ilikuwepo kweli, tena ya miaka mingi. Lakini ilikuwepo vichwani mwa wenyeji tu. Mzee hakudanganya, ila mwenyeji hana kinachomkumbusha kwamba kuna asiyejua. Hivyo mgeni hujifunza kanuni kwa kuadhibiwa nazo, na wenyeji huita hiyo kuzoea mji.

Dawa yake haichukui hata dakika. Anayechanga karata aseme: mbili zinabebana au hazibebani, ree inazuia au haizuii, tunafunga na nini. Lisilosemwa kabla ya kugawa liamuliwe kwa faida ya aliyetupa karata, kisha liwe kanuni kuanzia mchezo unaofuata.

Nilipolisema hilo kijiweni, jamaa mmoja alipinga: basi kila mtu atajifanya hajui. Sawa, atajifanya. Lakini atajifanya mara moja tu, maana mchezo wa pili atakuwa ameshasikia, kama sisi sote.