Mdudu wa Jino

Wanafunzi wangu, nimefundisha somo la afya kwa miaka mingi. Kila Jumatatu asubuhi, kengele ikiisha kulia, huwapanga watoto mistari nikawatazama kucha, nywele na nguo zao, na aliye mchafu humrudisha mtoni akanawe. Walakini palikuwa na mahali pamoja ambapo kwa muda mrefu sikupatazama kamwe, wala kwa watoto wa watu, wala kwa mtoto wangu mwenyewe. Napo ni kinywani. Habari nitakayowasimulia ni ya aibu kwangu, lakini nimeona ni heri kuiandika, ili aibu ya mmoja iwe faida ya wengi.

Kwetu ni milimani, Usambara. Mungu alinijalia binti mmoja, nami nilimpenda kupita kiasi. Kila jioni nikitoka shuleni nilipitia dukani, nikamnunulia kipande cha sukari guru. Naye alikuwa akiijua sauti ya baiskeli yangu, hunikimbilia njiani. Kipande kile hakukila mara moja, bali alikimumunya kidogo kidogo, hata mara nyingi alilala nacho shavuni. Mimi nilicheka, nikafikiri kwamba huo ndio upendo wa baba.

Alipotimiza miaka tisa alianza kulalamika kwamba jino la nyuma lamwuma. Nikamtazama upesi upesi, nikaona doa jeusi. Nikamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Hilo ni jino la utoto, litang'oka lenyewe." Kumbe sikujua nisemalo.

Miezi ikapita. Usiku mmoja mtoto alilia mpaka jogoo wa kwanza. Asubuhi mama mkwe wangu akaniambia, "Mwalimu, jino hilo lina mdudu. Mpelekeni kwa mzee wetu amtoe." Nilikuwa na cheti cha ualimu sandukuni, na moyo wangu ulikuwa na shaka, lakini hospitali ilikuwa mbali, mzee alikuwa jirani, nami niliona haya kumkatalia mkwe wangu. Tukaenda.

Mzee yule alikuwa mtu mwema, asiyetaka hata senti moja kwa kazi yake. Aliweka kigae cha chungu motoni hata kikawa chekundu, akakitia katika bakuli lenye maji kidogo, akanyunyiza juu yake mbegu za mmea wa porini zilizopakwa samli. Mvuke ukapanda. Mtoto akainamishwa, akafunikwa shuka, akaambiwa apanue kinywa. Baada ya kitambo shuka ikaondolewa, na tazama! Juu ya maji vilielea vitu vyeupe, vidogo, vyembamba, vilivyojikunja kama funza. Mzee akasema, "Ndio hao." Watu wote wakafurahi, nami nikafurahi pamoja nao.

Usiku ule maumivu yalipungua, lakini siku ya tatu shavu lilivimba hata jicho likafumba. Homa ikampanda, akawa hawezi kupanua kinywa wala kumeza maji. Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya mapambazuko tulimpakia kwenye baiskeli, mimi nikiisukuma na mama yake akimshika, tukateremka mlima kwa mwendo wa saa tano.

Daktari alimpokea mara moja. Akapasua lile jipu ndani ya kinywa, usaha mwingi ukatoka, akampiga sindano, kisha akaling'oa jino. Alipokwisha kunawa mikono akaniambia, "Mwalimu, mngalichelewa zaidi, uvimbe huu ungaliweza kushuka shingoni ukamziba pumzi, au sumu yake ikaenea katika damu. Watu hufa kwa jino, ingawa wengi hawasadiki."

Nikamshukuru, nikamwuliza, "Bwana Daktari, jino lingine litaota lini?"

Akanijibu, "Halitaota. Hili si jino la utoto. Ni gego la kwanza la ukubwa. Huota mtoto afikapo yapata miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila ya jino lolote kung'oka na kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhani la utoto, wakalipuuza."

Nikakaa kimya. Nikaikumbuka sukari guru.

Siku ya pili, mtoto alipokuwa amelala usingizi mwema, nilimwuliza daktari kama ni kweli kwamba jino huliwa na mdudu. Hakunicheka. Alichukua kijiti, akakwangua ukoga kidogo katika meno yangu mimi mwenyewe, akauchanganya na tone la maji juu ya kipande cha kioo, akaniambia nitazame kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo vya kukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Nikatazama, nikashtuka. Katika tone lile mlikuwa na viumbe wasiohesabika, wengine kama vijiti, wengine kama shanga zilizotungwa, na wengine wakienda mbio huku na huko. Wote walitoka kinywani mwangu, nami nilijidhani mtu safi!

Akaniambia kwamba mtu wa kwanza kuandika habari za viumbe hao wa kinywani alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek. Mtu huyo alijisugulia vioo vyake kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1683 aliwaandikia barua wataalamu wa London, akieleza kwamba katika ukoga wa meno yake ameona vijidudu hai vikicheza, ingawa alikuwa na desturi ya kusugua meno kwa chumvi kila siku. Akatazama pia ukoga wa mzee ambaye hakusafisha meno yake maisha yake yote, akaona makundi makubwa zaidi.

Lakini kuona si kujua kazi yao. Zaidi ya miaka mia mbili ilipita kabla ya Mmarekani mmoja, W. D. Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika Ujerumani, kuieleza vema kazi hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1890. Alitwaa meno yaliyong'olewa, akayaweka katika mate pamoja na mkate au sukari, mahali penye joto kama la mwili wa mtu. Meno yakalainika. Akachemsha mate kwanza, ili vijidudu vife; meno hayakulainika. Basi akafahamu kwamba vijidudu havilitafuni jino kama fukusi atafunavyo mhindi. Vyenyewe hula utamu na wanga uliosalia katika meno yetu, kisha hutoa asidi, yaani maji makali kama ya ndimu. Na asidi hiyo ndiyo iyeyushayo jino.

Na mwaka 1954 wataalamu wa Marekani walitoa habari ya panya waliolelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja. Panya hao walilishwa chakula chenye sukari nyingi, na meno yao hayakuoza. Basi sukari peke yake haiozeshi jino, wala kijidudu peke yake, bali vikikutana na kukaa pamoja ndipo hasara huanza.

Daktari akaniambia jambo la tatu, nalo lilinichoma zaidi. Mungu ametupa mate, ambayo ni mlinzi wa meno. Kila tulapo kitu kitamu asidi hutokea, na mate huiondoa polepole, kwa muda wa nusu saa au saa moja, na kulirudishia jino nguvu yake. Mtu alaye kitu kitamu mara moja na kuacha, humpa mlinzi nafasi ya kufanya kazi. Lakini mtu amumunyaye kidogo kidogo mchana kutwa hampi nafasi hata kidogo. Na usiku mate hupungua. Gamba la nje la jino ni kitu kigumu kuliko vyote vilivyo mwilini, kupita mfupa. Lakini likiisha kutoboka, vijidudu huingia ndani palipo laini, hata kwenye kiini penye mishipa, kisha kwenye mzizi, na huko hufanya usaha.

Tuliporudi nyumbani sikutaka kumwaibisha mzee. Nilimwendea jioni peke yangu, nikamwamkia, nikasema, "Babu, naomba unionyeshe tena dawa yako, lakini leo pasiwe na mgonjwa." Akashangaa, akakubali. Akaweka kigae, akatia mbegu, mvuke ukapanda, wala hapana mtu aliyeinama. Tulipotazama ndani ya bakuli, wale funza walikuwamo, vilevile kama siku ile. Nikachukua mbegu mbichi nikaipasua kwa kucha. Ndani yake mlikuwa na chipukizi jeupe, limejikunja. Mzee akalitazama kitambo kirefu. Kisha akasema, "Basi miaka yote hii nimekuwa nikizitibu mbegu. Je, Mwalimu, jino halina mdudu?"

Nikamjibu, "Analo, Babu. Wazee hawakukosa neno lote. Ila si mmoja, bali ni maelfu kwa maelfu; hawaonekani kwa macho, wala hawatoki kwa moshi. Nasi ndio tuwalishao." Tangu siku ile, mtoto akiletwa kwake kwa ajili ya jino, mzee humwelekeza hospitali.

Basi, wanafunzi wangu, ukoga ni nyumba ya vijidudu hao. Ukiuondoa leo, kesho watakuwa wamekwisha anza kujenga tena. Kwa hiyo kazi hii ni ya kila siku. Pigeni mswaki asubuhi, na tena usiku kabla ya kulala, mbele na nyuma, hata kwenye magego ya mwisho. Wazee wetu walitumia kijiti cha mti uitwao mswaki, na kijiti hicho ni chema kikitumiwa kwa uangalifu. Na dawa ya meno yenye floridi hulitia jino nguvu ya kushindana na asidi. Ufizi ukitoka damu, msiogope na kuacha kusugua, maana mara nyingi damu hiyo ni dalili ya ukoga uliokaa sana kando ya ufizi. Kitu kitamu, kama ni lazima, kiliwe pamoja na chakula, wala kisilaliwe nacho. Na mwonapo doa jeusi katika jino, semeni mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mimi sasa kila Jumatatu hutazama kucha, nywele, nguo na vinywa. Nikitoka shuleni hupita dukani bila kusimama, na mfukoni huwa na karanga. Binti yangu amekuwa mkubwa, hana ugonjwa, naye hajanilaumu hata siku moja. Lakini tukiketi kula humwona akitafuna kwa upande mmoja tu. Wahenga walisema, "Mchuma janga hula na wa kwao." Janga hili nilichuma mimi, aliyekula ni yeye.