Kabla hujamlipa mwalimu wa kina kirefu

Buseresere, Chato

Mpwa wangu Kulwa,

Salamu zako za Nungwi zimefika, pamoja na ombi la kuuza ng'ombe wawili ili ulipie kozi ya kuzamia kina kirefu. Mama yako hataki hata kulisikia. Mimi sijakataa. Ila huyo mwalimu simjui, na barua yako imenieleza mambo mawili tu juu yake: kwamba ameshafika mita 100, na kwamba ana kadi nyingi kuliko walimu wote wa hapo. Hayo hayanitoshi.

Mzamiaji wa kitalii mwisho wake ni mita 40, na mambo yakimwendea kombo anaweza kupanda moja kwa moja hadi juu. Huko unakotaka kwenda, njia hiyo imefungwa. Nitrojeni imeshaingia mwilini, na ukikimbilia juu inageuka mapovu kwenye damu na uti wa mgongo. Vijana wanaozamia jongoo bahari waliopooza miguu unawafahamu kuliko mimi. Kwa hiyo tatizo likikukuta mita 60 utalimaliza hukohuko chini, na atakayekuwa karibu nawe ni yeye.

Sidharau kazi yenyewe. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama humu ziwani, nilikuwa fundi wa injini za boti pale Mwanza, na wazamiaji walioletwa kusaidia kutoa miili walitoka Afrika Kusini. Mwaka 2019 gari lilidondoka kutoka kwenye kivuko cha Likoni likiwa na mama na binti yake. Lilidondoka tarehe 29 Septemba, likatolewa tarehe 11 Oktoba, kina cha mita 58, na hapo pia Wakenya walisaidiwa na watu wa Afrika Kusini. Unaposema unataka Ziwa Victoria letu liwe na wazamiaji wake, nakuelewa. Lakini ndiyo sababu ya kutaka ufundishwe na mtu anayeijua kazi, maana mwalimu utamwiga hadi makosa yake.

Nikupe kipimo changu. Mwalimu mpime kwa alivyokataa. Hapa kwetu, kuanzia Katoro hadi Nyarugusu, msimamizi wa duara la dhahabu anayestahili hajisifu kwa futi alizochimba. Muulize ni asubuhi zipi aliwarudisha watu nyumbani kwa sababu matimba ya kushikilia kuta yamelia, atakutajia moja moja, na hasara aliyopata. Huyu wako naye muulize: mara ya mwisho kuahirisha safari ilikuwa lini, na kwa sababu gani? Mwanafunzi wa mwisho aliyemnyima cheti alikosea nini? Kumbuka anayemlipa mwalimu ni mwanafunzi mwenyewe, na kumfelisha mteja kunauma mfukoni. Akikujibu kwamba wanafunzi wake wote hufaulu, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Mita 100 nazo zisikutie kiwewe. Kuna daktari mmoja Mmarekani alianza kuzamia mwaka 2011, akapanda ngazi haraka, akawa anafundisha wengine. Agosti 2015, huko St. Croix, akajaribu kushuka futi 1,200, karibu mita 365. Hakurudi. Kadi alikuwa nazo.

Kinachonitisha zaidi ni yale mambo madogo. Novemba 2020, katika ziwa moja la milimani huko Montana, Marekani, msichana wa miaka 18 alifia katika kozi. Alivaa suti kavu, ile isiyoingiza maji, lakini haikuwa na mpira wa kuingizia hewa. Alivyoshuka, mgandamizo ukamkaba ndani ya suti, na vyuma vya uzito alivyobebeshwa havikuwa vya kutupika kwa urahisi. Kuliona kosa hilo pale ufukweni hakukuhitaji elimu ya juu. Kulihitaji mtu wa kumkagua mwanafunzi wake kuanzia kichwani hadi miguuni kabla hajagusa maji.

Basi usilipe bado. Omba kwanza kwenda kwenye boti yake kama mbeba mitungi siku ana wanafunzi wengine, kisha utazame. Je, kila mtungi unapimwa na yule atakayeuvuta, na asilimia ya gesi, tarehe na kina cha mwisho vinaandikwa kwenye utepe? Oksijeni tupu haivutwi chini ya mita 6. Ukiichukua kwa makosa ukiwa mita 30 utapata degedege, regulata ikutoke mdomoni, na hapo hakuna wa kumlaumu. Anayesema "nilijaza mwenyewe jana, hamna shida" usiteremke naye. Majini mwangalie miguu: anapofunga na kufungua valvu je, anatulia palepale, au anapanda na kushuka na kutimua mchanga? Ujue pia ni mara ngapi huzamia kwa kazi yake mwenyewe, bila wanafunzi, kwa vifaa vilevile anavyofundishia. Na usidanganywe na ukali. Wakali wasiojua kitu nimewaona wengi karakanani.

Swali la chemba ya mgandamizo, ile ya kutibu wenye mapovu, usilisahau. Iko Matemwe, si mbali na hapo ulipo. Muulize alipiga simu lini mara ya mwisho kuhakikisha inafanya kazi na ina mtu wa kuiendesha.

La mwisho ni letu sisi wa huku. Mwambie unatoka Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, halafu muulize atabadilisha nini kwenye mpango wa kuzamia. Hewa ya juu ya maji huku ni nyepesi kuliko ya Nungwi, kwa hiyo hesabu za baharini hazifai kuhamishwa zilivyo. Vituo vya kusimama wakati wa kupanda vinabadilika. Maji yetu pia ni ya kijani na giza, pengine mkono wako mwenyewe huuoni. Kama hajawahi kufanya kazi kwenye giza, akiri waziwazi. Akikiri nitamwamini zaidi. Akisema maji ni maji, nimeshapata jibu langu.

Ukiridhika, niandikie majibu yake kwa maneno yake, usiyapambe. Nitampeleka ng'ombe mmoja mnadani kwa ajili ya hatua ya kwanza, ile inayoishia mita 45. Wa pili anabaki hadi uzamie kwa muda mrefu katika kina hicho, kozi ikiwa imekwisha na mwalimu hayupo kukushika mkono. Na akikuahidi kukufikisha kwenye kuvuta gesi ya heliamu na mita 60 ndani ya wiki mbili, wote wawili wanabaki zizini.

Mjomba wako